Mkupuo wa Baridi

Watu wazima wa Tukuyu walikuwa wameacha kukimbia. Hakukuwa na sheria iliyowakataza. Waliacha wenyewe, kwa sababu anayekimbia huanguka, anayeanguka huchubuka, na mchubuko wa goti siku hizo ulikuwa unaua watu wengi kuliko magari. Kwa hiyo asubuhi ile mlinzi wa kiwanda cha dawa alipomwona Subilaga Mwakalukwa akipanda kilima mbio, kishikwambi amekikumbatia kifuani na koti jeupe linapepea nyuma, alitoka kibandani mwake mikono juu kama mtu anayesimamisha ng'ombe.

"Dada Subi! Kunawaka moto wapi?"

"Hakuna moto! Fungua, kaka, fungua!"

"Mikono kwanza."

Subilaga akaingiza mikono kwenye kisanduku cha taa, kile kinachoonyesha hata mkwaruzo usioonekana kwa macho. Alikuwa anarukaruka kama mtoto anayesubiri kuruhusiwa kwenda chooni. Taa ikawa kijani, geti likafunguka, naye akaondoka mbio tena huku mlinzi akimlalamikia kwa nyuma.

Alikuwa mchambuzi wa data. Kabla ya kuja hapa alifanya kazi kwenye kiwanda cha maziwa, akitafuta kwa nini mtindi wa wiki fulani unakuwa mzito na wa wiki nyingine unakuwa maji. Kiwanda cha dawa kilimwajiri kwa kazi ileile, isipokuwa hapa kilichochachushwa hakikuwa maziwa, na kikiharibika watu walikufa.

Alimkuta Mzee Gwakisa Mwambungu, mkuu wa uchachushaji, amesimama chini ya tangi. Lilikuwa tangi la chuma refu kama nyumba ya ghorofa mbili, na chumba kizima kilinuka udongo uliolowa mvua. Ndiyo harufu ya bakteria waliokuwa ndani. Walitolewa kwenye tope la ziwa Ngozi, kule juu ndani ya kreta ya volkano, na walitoa dawa moja iliyobaki duniani ambayo vijidudu vya vidonda vibaya bado viliiogopa. Waliiita rungwesini, na ikishakamuliwa ilikuwa nyekundu.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Umekimbia."

"Nimekimbia. Mzee, leo mchana usiwape chakula."

"Nisimpe nani chakula?"

"Hawa!" Akapiga tangi kwa kiganja. "Usiwape molasi. Wanyime. Halafu tuwapige baridi."

Mzee Gwakisa alivua miwani, akaifuta kwa pindo la koti, akaivaa tena. Alikuwa mtu mpole, na upole wake ulikuwa mgumu kuutikisa. "Kaa," alisema. "Nieleze taratibu."

Subilaga hakukaa. Aliweka kishikwambi juu ya meza na kufungua grafu.

Tangi lile liliendeshwa na programu waliyoiita Mlezi. Vihisio vilivyozamishwa ndani vilipima joto, oksijeni, uchachu na sukari kila sekunde, na Mlezi akarekebisha kila kitu: akafungua hewa, akapunguza joto, akaongeza molasi na unga wa soya. Alikuwa amejifunza kazi hiyo kutoka kwenye mikupuo yote mizuri ya dawa iliyowahi kupikwa pale. Mikupuo iliyopatwa na hitilafu iliondolewa kwenye masomo yake, ili asijifunze mambo mabaya.

"Mimi nimeirudisha," Subilaga alisema. "Ile mibaya yote. Angalia."

Kwenye kioo kulikuwa na mistari mingi ya kijivu, kila mmoja ukikatika ghafla kabla ya kufika mwisho.

"Hapa pampu ilikwama. Hapa umeme ulikatika. Hapa maji ya kupoozea yalizidi. Na kila mara mlimwaga."

"Ni kanuni. Tangi likiyumba, tunalimwaga kabla bakteria wa nje hawajaingia na kutuharibia kiwanda."

"Sawa. Lakini tazama kila mstari pale ulipokatika. Tazama ncha!"

Mzee Gwakisa akainama. Ncha za mistari zilikuwa zimeinuka, moja baada ya nyingine, kama shingo za kuku waliosikia kitu nje ya banda.

"Dawa ilikuwa inapanda," alisema polepole.

"Ilikuwa inapanda, na mnaimwaga! Sasa huu hapa." Aligusa mstari mmoja uliokuwa mrefu kuliko mingine. "Mwaka wa maporomoko, barabara ilipofunikwa na tope. Maji ya mto yaliingia kwenye koti la tangi, ule ukuta wa nje unaopitisha maji ya kupoozea, molasi ikakwama kwenye bomba, na hakuna aliyeweza kufika hapa kumwaga. Walipofika wakapima, wakaona namba kubwa kupita kiasi, wakaandika kwamba kipimo kimeharibika. Kipimo hakikuharibika, Mzee. Nimelinganisha na vihisio vingine vyote. Namba ni ya kweli."

"Wakati huo mimi nilikuwa bado chuoni," Mzee Gwakisa alisema, kama vile kuna mtu aliyemshtaki. Alivuta kiti, akakaa yeye. "Ni kubwa kiasi gani?"

"Mkupuo wa kawaida unatibu watu tisa. Ule ungetibu mia nne."

Pangaboi za kukoroga zilinguruma ndani ya tangi. Mzee Gwakisa alikuwa akitazama mstari ule bila kupepesa.

"Mlezi anawatunza kama wageni wa harusi," Subilaga aliendelea, maneno yakimtoka haraka. "Joto zuri, chakula kwa wakati, hewa tele. Wananenepa, basi. Rungwesini si jasho la kushiba, ni silaha yao. Kule ziwani wanaitoa wakipatwa na baridi na njaa kwa pamoja, ili wawafukuze majirani wasigombanie makombo. Lakini lazima iwe kwa umri fulani, wakiwa wameshakua na hawajaanza kuzeeka. Hawa wetu wamefika umri huo leo. Mlezi atamimina molasi saa saba. Wakishakula tu, tumechelewa."

"Umejaribu?"

"Kwenye chupa. Kumi."

"Na?"

Hapo mwendo wake ulipungua. "Saba zimepanda. Tatu zimekufa."

"Zimekufa kabisa?"

"Kabisa."

Matangi mengine mawili ya kiwanda yalikuwa yameshambuliwa na virusi wanaokula bakteria, na yalikuwa yakipigwa mvuke. Mkupuo mwingine usingekuwa tayari kabla ya wiki sita. Hospitali ya chini ya kilima ilikuwa na wodi ya watu arobaini na zaidi wenye vidonda na homa, na jana yake ilikuwa imepigwa kura ya nani apate dawa, kama kawaida. Majina tisa yalibandikwa ukutani. Dawa iliyokuwa ndani ya tangi hili ilikuwa ya tisa hao.

"Hesabu yako siipingi," Mzee Gwakisa alisema hatimaye. "Ni nzuri. Sijaona hesabu nzuri kama hii tangu nianze kazi. Lakini watu hawa wameshaambiwa watapona. Sasa mimi niende nikaichukue dawa mkononi mwa mtu, nimwambie subiri kidogo, nakwenda kuicheza kamari?"

"Na wale ambao majina yao hayakutoka?"

"Nao nawajua."

"Nao wanakufa, Mzee. Kwa utaratibu wetu huu huu mzuri."

Alijuta kuitamka kauli hiyo, lakini hakuirudisha. Mzee Gwakisa hakukasirika. Alikuwa anasugua magoti yake kwa viganja, mbele na nyuma.

"Ni dawa yao," alisema tena. "Mimi si mwenye dawa. Wewe pia si mwenye dawa."

Subilaga akasimama wima. "Basi tuwaulize wenye dawa."

"Wagonjwa?"

"Umesema mwenyewe ni yao."

Mzee Gwakisa aliangalia saa ya ukutani, kisha tangi, kisha akaangalia tena ile grafu, na Subilaga akaona kwamba hata yeye, chini ya upole wote ule, moyo ulikuwa unamwenda mbio.

"Nitaandaa bomba la maji ya mto," alisema. "Nenda. Lakini wote tisa, Subilaga. Wanane hawatoshi. Na usiwabembeleze."

*

Daktari Twilumba Sanga alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti iliyokauka kwa kuzungumza kupitia barakoa miaka mingi. Alimsikiliza Subilaga kwenye veranda ya wodi bila kumkatiza. Alipomaliza, alisema, "Unataka mtu mwenye homa achague kati ya kupona kwake na kupona kwa asiowajua. Huo si ukatili?"

"Labda ni ukatili. Lakini kuchagua bila kumuuliza?"

Daktari aligeuka akatazama ndani kupitia kioo. Kila kitanda kilikuwa ndani ya kibanda chake cha plastiki ing'aayo, safu kwa safu.

"Utawaeleza kila kitu," alisema. "Saba kwa tatu. Kwamba ikifa hawapati kitu. Kwamba hata ikifaulu itachelewa."

"Siku mbili zaidi. Inahitaji muda wa kupanda."

"Hizo siku mbili uzitaje. Na kila mmoja aulizwe peke yake, mwenzake asisikie. Sitaki mtu akubali kwa aibu."

Wa kwanza alikuwa Tusekile, mwamuzi wa mpira wa miguu. Mpira wenyewe ulikuwa umebaki mchezo wa watu wachache wenye vichwa vigumu, wanaovaa soksi za ngozi mpaka mapajani, na yeye alikuwa mkaidi kuliko wote: aliteleza uwanjani akikimbilia kuona kama mpira umevuka mstari. Mguu wake wa kulia ulikuwa umevimba mpaka nyonga. Macho yalikuwa yanawaka homa.

"Rudia," alimwambia Subilaga. "Dozi zinageuka kutoka tisa kuwa ngapi?"

"Mia nne. Zikifaulu."

"Mama yangu!" Alijiinua kwa viwiko. "Na bado mko hapa mnauliza? Chezesheni!"

"Bakteria wanaweza kufa wote, dada. Tatu katika kumi. Na wewe ni mmoja wa tisa. Ukisema hapana, hakuna atakayejua."

"Nimekusikia vizuri." Tusekile alijilaza tena, akihema. "Mwenzangu hapa kitanda cha pili ana binti wa miaka sita. Jina lake halikutoka. Tangu jana mimi simtazami usoni. Unajua inavyokuwa, kushinda bahati nasibu na mtu analia pembeni yako? Chezesheni."

Wengine walichukua muda zaidi. Mwalimu mmoja mstaafu aliuliza maswali ya maana kuhusu zile chupa tatu, akataka kujua zilikufa mapema au mwishoni. Mama mmoja aliyejifungua kwa upasuaji alilia kwanza, akampigia mume wake simu, wakakubaliana. Bwana Lwitiko, fundi wa baiskeli za umeme, alikuwa amelala macho wazi, mkono wake uliokatwa na mnyororo umefungwa bendeji mpaka begani. Mke wake, Ikupa, alikaa pembeni amevaa gauni la kujikinga na glavu.

"Ikishindikana," Lwitiko aliuliza, "hao wengine wamepoteza nini?"

"Hawajapoteza. Hawakuwa na kitu."

"Na siku mbili hizo ni za kweli? Si tatu?"

"Mbili. Nikikuambia zaidi ya hapo nitakuwa nabahatisha."

Lwitiko alimtazama mkewe. Ikupa alimrekebishia shuka tu. "Jaribuni," Lwitiko alisema.

Ilipofika saa sita kasorobo walikuwa wanane. Wote wamekubali. Subilaga akaingia kwenye kibanda cha tisa.

Anyosisye Mwandemele alikuwa dereva wa mitambo ya kuchuma chai. Alikuwa mjane mwenye mabinti mapacha. Alimsikiliza mpaka mwisho, akauliza arudiwe kuhusu tatu katika kumi, kisha akatikisa kichwa.

"Mimi hapana."

Subilaga alifungua mdomo, akakumbuka maneno ya Mzee Gwakisa, akaufunga.

"Mama yao alifia humu humu," Anyosisye alisema. "Wamebaki na mimi. Ingekuwa ni mimi peke yangu, ningekubali. Ningekubali hata kwa tano kwa tano. Lakini jina langu limetoka, dada yangu, na mimi nimeshawapigia simu nikawaambia narudi." Macho yake yalijaa machozi, lakini sauti haikutetemeka. "Wengine wamekataa?"

"Siruhusiwi kukwambia."

"Utanichukia?"

"Hapana, kaka," Subilaga alisema, na alishangaa kuona ni kweli. "Ni haki yako."

Alitoka akaegemea ukuta wa veranda. Wanane. Angeweza kurudi kiwandani akasema tisa, nani angejua? Wazo hilo lilimjia waziwazi, lenye sura nzuri kabisa, na watu mia nne nyuma yake. Alisimama nalo kwa muda. Kisha akachukua simu akampigia Mzee Gwakisa.

"Mmoja amekataa."

Upande wa pili pampu zilikuwa zikinguruma.

"Kwa hiyo tuachane na maji ya mto," Mzee Gwakisa alisema, na huzuni ilikuwa wazi katika sauti yake.

"Subiri. Mzee, subiri!" Subilaga alikuwa ameshaanza kutembea huku na huku. "Sasa hivi tangini kuna dawa. Si nyingi, lakini ipo, si ndiyo? Hawaanzi leo kutoa."

"Ipo kidogo. Haifiki hata ya watu wawili."

"Sihitaji ya wawili!"

"Nichote," Mzee Gwakisa alisema. "Nichote uji wa bakteria wa kutosha nikamue dawa ya mtu mmoja. Kabla ya kuwapiga baridi."

"Inawezekana?"

"Inawezekana. Lakini usawa utashuka chini ya pangaboi ya juu. Ukorogaji utabadilika. Fanya hesabu."

Aliifanya papo hapo, amechuchumaa sakafuni, kishikwambi juu ya mapaja. Programu ilizunguka, ikasita, ikatoa jibu. Saba katika kumi ilikuwa imeshuka ikawa sita na nusu.

Daktari Twilumba aliposikia, alivuta barakoa yake juu bila neno na kurudi ndani kwa wale wanane kuwaambia. Hakutaja kwa ajili ya nani. Subilaga alimtazama kupitia kioo akiinama kibanda kwa kibanda. Mwalimu mstaafu alifikiri, akaitikia kwa kichwa. Mama wa upasuaji aliitikia. Lwitiko aliinua kidole gumba cha mkono mzima. Kutoka kwa Tusekile sauti ilivuka plastiki na kioo mpaka veranda:

"Mpeni yake! Mbona mnachelewesha mchezo?"

*

Mlezi alikataa. Mzee Gwakisa alipoamuru joto lishushwe, programu iliwasha taa nyekundu na kufunga vali, kama ilivyofundishwa. Ilibidi azime yote, na kwa mara ya kwanza tangu kiwanda kijengwe tangi likabaki mikononi mwa watu.

"Zungusha," Subilaga alisema.

Mzee Gwakisa alishika gurudumu la vali kwa mikono miwili na kulizungusha. Maji ya Mto Kiwira, baridi ya mlimani, yakaingia kwa kishindo kwenye koti la tangi. Chuma kikalia. Joto likaanza kushuka: nyuzi moja, mbili, tano. Saa saba ikafika na bomba la molasi likabaki kimya.

Kisha povu. Lilipanda kwenye dirisha dogo la kioo, jeupe, zito, likaziba kila kitu. Oksijeni ikaporomoka. Mistari yote kwenye kishikwambi ilielekea chini kwa pamoja.

"Wanakufa," Mzee Gwakisa alisema.

"Wameshtuka tu. Zile za chupa nazo zilishtuka."

"Zile tatu zilizokufa zilikuwaje mwanzoni?"

"Hivi hivi," alijibu, kwa sababu ndiyo ilikuwa kweli.

Walikaa pale. Hakuna aliyekula. Wafanyakazi wengine walianza kuja mmoja mmoja, wakasimama nyuma yao: wapishi wa molasi, mafundi wa mvuke, mama wa usafi, hata mlinzi wa getini aliyepaswa kuwa kibandani. Jua liligeuka upande wa pili wa madirisha. Mstari wa dawa ulikuwa umelala chini kabisa, umenyooka. Subilaga alikuwa ameutazama muda mrefu kiasi kwamba aliposikia mtu akivuta pumzi kwa nguvu hakuelewa ni kwa nini.

Mama wa usafi alikuwa anaonyesha kidole kwenye dirisha la tangi.

Povu lilikuwa limeshuka. Nyuma ya kioo uji wa bakteria, ambao siku zote ulikuwa na rangi ya chai ya maziwa, ulikuwa na mshipa mwekundu. Ukapita, ukazungushwa na pangaboi, ukapotea. Ukaja mwingine. Kisha miwili. Kisha dirisha zima likawa waridi, na wakiwa wote wanatazama, bila kupumua, likaendelea kukolea mpaka likawa jekundu la rosela iliyochemshwa.

"Mstari!" Mzee Gwakisa alipiga kelele, yeye ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti. "Angalia mstari wako!"

Mstari ulikuwa umeinua shingo. Ulipanda, ukapita alama ya mikupuo yote ya kawaida, ukapanda tena mpaka grafu ikalazimika kujipunguza ili uenee. Watu walianza kushangilia. Mtu alimnyanyua Subilaga juu, mtu mwingine akapiga ukelele kwamba ashushwe asije akaanguka, na yeye alikuwa anacheka na kulia, mkono mmoja ukiwa bado umeshika kishikwambi, akisoma namba kwa sauti kila zinapobadilika.

Mzee Gwakisa alimpigia simu Daktari Twilumba. Hakuweza kusema sentensi nzima. "Jekundu," alisema. "Mwambie kila mtu. Jekundu kabisa."

*

Dozi ya Anyosisye ilishuka kilimani jioni hiyohiyo. Nyingine zilishuka siku ya nne, maboksi juu ya maboksi, kiasi kwamba gari la kiwanda lilirudi mara kadhaa. Subilaga aliteremka na boksi la kwanza akiwa amelipakata. Alikuwa amefikiria njia nzima atakavyoingia wodini.

Daktari Twilumba alimpokea verandani. Alimshika bega kwanza.

"Wanane wako wamebaki saba," alisema. "Lwitiko amefariki alfajiri."

Subilaga alisimama na boksi lake. Ndani kulikuwa na kelele za furaha. Sauti ya Tusekile ilisikika juu ya zote. Kwenye benchi mwisho wa veranda alikaa Ikupa, mikono mitupu, glavu amezivua. Subilaga aliweka boksi chini, akaenda kukaa karibu naye.

"Pole, dada."

"Asante." Ikupa alikuwa anatazama gari linavyopakuliwa. "Ni nyingi kweli?"

"Nyingi. Za wodi nzima. Nyingine zinakwenda Kyela na Mbeya leo."

"Zingekuwa tisa tu, kama zamani. Angekuwa hai?"

Subilaga alijua kwamba angeweza kusema hajui. Kila mtu angemsamehe. "Angeanza kuchomwa sindano juzi," alisema. "Labda angekuwa hai. Nadhani angekuwa hai."

Ikupa aliitikia kwa kichwa, polepole, mara kadhaa. Machozi yalimshuka bila yeye kuyafuta.

"Jana mchana aliniuliza, bado ni jekundu? Nikamwambia Daktari amesema linazidi. Akacheka. Akaniambia niende nikamwambie yule mama wa kitanda cha pembeni, maana alikuwa amelala habari ilipokuja. Nikaenda nikamwamsha. Niliporudi alikuwa bado anacheka." Alimgeukia. "Nakuchukia kidogo. Nakuambia tu ukweli."

"Ni haki yako."

"Najua ni haki yangu."

"Subilaga!" Daktari Twilumba aliita kutoka mlangoni. "Njoo, mikono haitoshi! Nina vitanda arobaini na wauguzi wanne!"

Subilaga hakuinuka. Ni Ikupa aliyeinuka. Alichukua glavu mpya kwenye kasha la ukutani, akazivaa, akavuta barakoa usoni. Kisha akaenda lilipokuwa boksi, akainama na kushika upande mmoja.

"Shika huko," alisema. "Ni zito."

Walilibeba pamoja mpaka ndani. Watu walipiga makofi walipowaona, kisha wakamtambua Ikupa na makofi yakakatika. Yeye hakusimama. Alipita kitanda kitupu ambacho shuka lake lilikuwa limeshaondolewa, akaenda kwenye kibanda cha pembeni yake. Mama aliyelala humo, yuleyule aliyemwamsha jana, alikuwa amejifunika mpaka kidevuni, akitetemeka, akimtazama kwa woga. Jina lake halikuwahi kutoka kwenye kura yoyote.

Ikupa alifungua boksi, akatoa chupa moja nyekundu, akampa daktari.

"Anza na huyu," alisema.